Majani Mbele ya Duka la Spea

Mimi shule niliiacha darasa la tatu na sijawahi kuililia. Mwalimu alinichapa kwa kuchelewa, na nilichelewa kwa sababu ng'ombe wa baba hawakujua saa. Nilimnyang'anya fimbo, nikaivunja kwenye goti, nikaenda zangu. Baba alinipiga kuliko mwalimu, lakini shuleni sikurudi. Vyote nilivyo navyo leo, nyumba yangu ya Buhare na vyumba vya kupangisha vilivyo nyuma yake, nimevipata kwa mikono hii. Nimebeba marobota ya pamba Bunda, nimepasua mawe, nimejengea watu kuta ambazo mpaka leo zimesimama na wenyewe wamelala kaburini. Asije mtu akanifundisha habari ya jasho.

Uzeeni nimejipatia kazi nyingine. Kila Jumamosi asubuhi natembeza watu katika mji wa Musoma, nawaonyesha ulivyokuwa. Wanakuja walimu, wanakuja wanakwaya, watumishi waliostaafu, mara mojamoja Wazungu waliolala mjini kabla ya kwenda mbugani. Wengine wanakuwa wametoka Butiama kuangalia makumbusho, wamezoea kuona historia imekaa ndani ya kabati la kioo imetulia. Mimi nawaambia, historia ya mji huu iko chini ya viatu vyenu, na nyingi ni ya kupigwa.

Tunaanzia ziwani, Mwigobero, pale samaki wanapopakuliwa. Nawaonyesha mahali ambapo wapagazi walilazwa kifudifudi na kuchapwa kiboko kwa sababu mzigo umelowa. Tunapanda na barabara mpaka kwenye maduka ya zamani yenye mabaraza, milango yake ya mbao bado ina makovu ya mapanga ya wezi wa zamani. Tunapita majengo ya serikali ya mkoloni, nawaambia nani alifungwa na nani alitoka hatembei. Sipambi. Mama mmoja wa kwaya aliwahi kuniuliza, babu, kwani hakuna habari nzuri katika mji huu? Nikamwambia ipo. Wewe uko hai, shukuru.

Kutembeza watu sikufundishwa na mtu wa utalii. Nilifundishwa na baba yangu, kule nyuma ya Bunda, nikiwa mtoto. Kwetu, rika la wazee lililoshika nchi lilikuwaga na kazi ya kuizunguka. Wanaume wanajipanga mstari mmoja, mbele yupo aliyebeba dawa, wanaufuata mpaka wote wa nchi, mlima kwa mto, ili nchi ipone. Mstari ule haukatwi. Niliona kwa macho yangu mtu mmoja na baiskeli yake, mjeuri, alitaka kwenda sokoni akaukata katikati. Walimshusha, wakampiga kwa fimbo za kutembelea mpaka baiskeli na yeye vikawa vimepinda pamoja. Mstari ukaendelea. Hakuna aliyegeuka kumtazama.

Ila mstari ulikuwa unasimama mahali pamoja tu, pale damu ya mtu ilipomwagika. Kwetu mtu akiuawa, na aliyemuua anajulikana, koo mbili zinakutana palepale. Anachinjwa kondoo, zinatolewa zile nyasi mbichi zilizo tumboni mwake, watu wa huku na watu wa kule wanapakwa mikononi, na nyingine zinamwagwa juu ya ile ardhi. Basi, imekwisha, pale panakuwa udongo kama udongo mwingine. Lakini kama kondoo hajachinjwa, kila anayepita na anayejua anachuma jani bichi, jani lolote, analidondosha pale. Huombi chochote, husemi chochote. Unamwonyesha tu marehemu kwamba hakutupwa kama mbwa.

Sasa nimfikie mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuwa mswaga ng'ombe. Anawachukua mnadani upande wa Bunda, anawaswaga kwa miguu mpaka kwa wachinjaji wa Musoma. Mtu mpole, mrefu, mwenye uwezo wa kulala amesimama. Mimi ndiye niliyekuwa mgomvi wa nyumba ile. Meno mawili nimeyaacha kiwandani kwenye pamba na sijutii, maana yule mwingine aliacha matatu. Yeye hakuwahi kupiga hata mbwa.

Siku hiyo alifika na ng'ombe wake mjini, Mukendo, mchana kweupe. Lori likapiga honi, dume moja likashtuka, likatoka mbio. Mdogo wangu akalikimbilia na fimbo yake. Dume likakata kona, likapotelea upande wa ziwani. Watu wa mtaa wa pili hawakuliona dume. Walichoona ni mwanaume wanayemwona mara ya kwanza, shati limechanika, ana fimbo mkononi, anakimbia. Mtu mmoja, mpaka leo hajulikani, akaita mwizi.

Mnajua neno hilo likiitwa kinachofuata. Mimi sikuwepo, nilikuwa juu ya lori la pamba naelekea hukohuko, lakini nilifika kabla damu haijakauka. Nilimkuta mtaroni, amefunikwa gunia. Uso haukuwa uso. Mkono mmoja ulielekea upande ambao mkono hauelekei. Juu ya gunia walikuwa wameweka tofali ili upepo usilipeperushe, na tofali lenyewe lilikuwa na nywele zake. Kuhusu lile dume, lilipatikana jioni ufukweni linakunywa maji, limetulia kama mzee wa kanisa.

Nilimwosha mwenyewe. Sikumruhusu mtu mwingine. Nilihesabu kila jeraha kwa kidole, hili la jiwe, hili la rungu, hili la kiatu. Kwenye bega la nyuma nikakuta alama ambayo haikuwa ya jiwe. Ilikuwa pembe tatu, mbele imechongoka, nyuma pana, na ngozi imevimba malengelenge. Pasi ya mkaa. Na ngozi ya maiti haivimbi malengelenge, nilimuuliza mtu wa hospitali akaniambia. Ile pasi ilimkuta hai, na ilikuwa na moto ndani.

Nilirudi mtaa ule nikauliza, duka kwa duka. Huyu alikuwa chooni. Huyu alikuwa msikitini. Yule alisikia kelele tu akadhani ni mambo ya mpira. Mtu ameuawa na mtaa mzima, na mtaa mzima haukuwepo. Nyumbani wazee wakaniambia kondoo yupo, leta ukoo wa upande wa pili. Nikawaambia upande wa pili ni kundi la watu. Kundi halina ukoo. Huwezi kulipaka nyasi mikononi. Kondoo akarudishwa zizini, nami nikarudi mtaani na jani.

Wakati ule baraza la pale lilikuwa la mafundi cherehani, wamejipanga na mashine zao, kila mmoja na pasi yake ya mkaa inafuka moshi. Basi nikaanza kushona suruali. Nilipeleka kitambaa kwa fundi huyu, mwezi mwingine kwa yule. Wakati fundi anapiga pasi nilikuwa namkazia macho, nione kama mkono utatetemeka. Pasi zote zinafanana, lakini mikono haifanani, nilijiambia. Miaka ikapita. Mafundi wakafa, wengine wakahama, cherehani zikaondoka moja baada ya nyingine. Mimi nina suruali kuliko mbunge.

Akabaki mmoja. Mzee wa Kiislamu, mzaliwa wa mji huuhuu, baba yake alikuja na biashara kutoka Tabora akaoa huku. Tulikuwa karibu rika moja. Alikuwa na mdomo wa utani, kila nikifika na kitambaa ananitania mbele ya wateja.

"Wewe mzee wa Bunda, hizi suruali unazivaa au unazila?"

Nami namjibu kwamba nazihifadhi, kwa ushonaji wake zinapasuka makalioni kabla sijafika Buhare. Watu wanacheka. Alikuwa wa kwanza pale barazani kununua pasi ya umeme, zamani sana, wakati umeme wenyewe ulikuwa unakuja kama mgeni. Mimi niliona ni maendeleo tu.

Kituo cha mwisho cha matembezi yangu ni palepale mtaroni alipofia mdogo wangu, ng'ambo ya barabara, usawa wa baraza lake. Na niwe mkweli, ndicho kilichonifanya nianze matembezi haya. Wapagazi na majengo ya mkoloni ni njia tu ya kufikia pale. Nilikuwa nataka mahali pale pasemwe kwa sauti, mchana, mbele ya watu, kila Jumamosi, mpaka mtu mmoja tu kati ya wale aliyebaki hai ashindwe kuvumilia. Mmoja tu. Nisimame naye juu ya ule mtaro aseme mimi nilikuwepo. Nilikuwa nasimulia yote, dume, gunia, tofali, alama ya pasi. Kisha nachuma jani la mwarobaini ulio pembeni ya barabara, namdondoshea mdogo wangu, na wageni wangu nao wanachuma, kila mmoja lake. Jumamosi nzuri panabaki fungu la majani pale chini.

Yule fundi Jumamosi alikuwaga hanisalimii. Cherehani yake inalia tu. Nilidhani ni kazi imemzidi.

Sasa juu ya mtaro ule, miezi kadhaa iliyopita, kijana mmoja alifungua duka la spea za pikipiki. Ametoka mikoa mingine, hamjui mtu, hajui habari ya mtaa. Akaweka bamba la zege juu ya mtaro iwe daraja la kuingilia dukani. Sikumfuata kumweleza. Kwa nini nimweleze? Nilikuwa pale kabla yake. Tukaendelea kudondosha majani kwenye ile zege, mlangoni kwake hasa, na kwa kuwa alikuwa anafungua kwa kuchelewa siku za Jumamosi, akifika anakuta majani, sisi tumeshaondoka.

Jamani, mjiweke katika nafasi yake. Kila wiki, siku ileile, majani mabichi ya mwarobaini mlangoni. Biashara yake ikalegea. Mke wake akaharibu mimba. Mtoto wao wa kwanza akawa anaugua degedege. Kijana akaenda kwa mganga mmoja upande wa Murangi, na yule mganga, kama kawaida yao, akamwambia kile alichokuja nacho kichwani, kwamba kuna mzee anakutegea mlangoni, mvizie.

Jumamosi ile nilikuwa na kina mama wa kikundi cha kanisa kutoka Bunda na walimu wawili wa kiume. Tulifika kituo cha mwisho. Duka lilikuwa limefungwa, lakini mlango mdogo wa ubavuni ulikuwa wazi kidogo, nami sikuutilia maanani. Nikasimulia. Kina mama wengine walikuwa wanajifuta machozi kwa kanga. Nikachuma jani, nikainama, nikalidondosha.

Mlango ukafunguka, kijana akatoka na mnyororo wa pikipiki mkononi.

Mnyororo ndio uliosema kwanza. Ulinipata hapa, juu ya sikio, nikasikia mlio kama wa kengele na joto likashuka shingoni. Ndipo akaita, kwa sauti ya mtu anayelia, mchawi, nimemkamata mchawi, njooni mwone majani yake.

Vijana wa bodaboda walikuwa wamejaa kwenye kona, kijiwe chao ni pale. Walikuja kama siafu. Walimu wangu wawili, wanaume wenye mashati ya kuchomekea, waliondoka mbio na sikuwaona tena mpaka leo. Kina mama walibaki, lazima niseme hilo, walibaki wakipiga kelele na kumvuta huyu na yule mashati, na mmoja alipigwa kofi akaanguka juu ya kapu lake.

Mimi ni mzee lakini sikuzaliwa mzee. Fimbo yangu ni ya mti mgumu, nimeichonga mwenyewe. Wa kwanza aliyenisogelea nilimpiga kwenye vidole, nikasikia kimoja kimevunjika kama kijiti kikavu. Wa pili nilimpiga goti. Nikasema moyoni, vizuri, angalau wawili watanikumbuka mvua ikinyesha. Kisha jiwe likanipata mgongoni nikapiga magoti, na ukishapiga magoti mbele ya kundi, kazi yao inakuwa rahisi. Mateke yakaanza. Nilimng'ata mtu mguuni, sijui nani, nikakuta mdomoni nyuzi za soksi. Mtu akanishika kola akanigeuza chali, na kichwa changu kikaning'inia pembeni mwa ile zege, ndani ya mtaro.

Nikaona mtaro. Ukuta wake wa mawe ni uleule wa zamani, mimi mjenzi nauona. Nikajua kwamba hili ndilo jambo la mwisho mdogo wangu aliloliona, haya mawe, maji haya machafu, na miguu ya watu juu yake. Miaka yote hiyo nilikuwa nasimulia nimesimama. Sikuwahi kupaona kutoka chini.

Mtu akasema leteni petroli. Kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza chai. Na petroli kwa watu wa bodaboda haitafutwi mbali. Niliinusa kabla sijaiona chupa. Kijana mwingine alikuwa anatoa tairi bovu lililoning'inia dukani.

Hapo ndipo cherehani ilipoacha kulia. Labda niliota, lakini nakumbuka hivyo, katikati ya kelele zote nilisikia ile mashine imenyamaza. Yule fundi akavuka barabara, mita ya kupimia shingoni, miwani imemshuka puani. Hakukimbia, goti lake haliruhusu. Akaingia katikati ya miguu yao, akakaa chini juu ya zege kando ya kichwa changu, akalaza mkono juu ya kifua changu. Wakasita, maana fundi yule amewashonea wote sare za shule.

Kijana wa spea akamwambia, mzee toka, huyu mchawi, ona majani.

"Majani si uchawi," fundi akasema. "Ni ya mtu tuliyemuua hapa."

"Mlimuua na nani?"

"Mimi na baba zenu."

Pikipiki moja tu ilikuwa inanguruma peke yake. Fundi akaendelea, na sasa hakuwa anaongea nao tena, alikuwa ananitazama mimi, uso wake karibu na wangu mpaka naona mvi za puani.

"Ile pasi ilikuwa yangu."

Wale vijana walianza kupungua. Hawakuondoka kwa aibu, msidanganyike. Waliondoka kwa sababu mchezo umeharibika. Mwenye chupa akaimwaga petroli mtaroni, taratibu, akaifunga akaweka chupa mfukoni. Kijana wa spea alibaki amesimama na mnyororo wake unadondosha damu yangu, mdomo wazi, hajui sasa amchukie nani.

Mimi nikainuka. Ilinichukua muda. Nikaitafuta fimbo yangu, nikaipata chini ya tairi. Fundi alikuwa bado amekaa pale chini, ameinamisha kichwa, ananingoja. Nikampiga mdomoni. Nilimpiga kwa nguvu yote iliyokuwa imebaki, na jino lake likatoka na mate na damu likaangukia kwenye majani. Nikainua tena. Mama mmoja wa Bunda akasema, baba, inatosha. Hakupaza sauti. Nilishusha fimbo, lakini si kwa sababu ilitosha. Mkono uligoma. Nikakaa pembeni yake, tukatema damu wote wawili mtaroni mpaka polisi walipokuja.

Nilishonwa nyuzi kichwani. Kijana wa spea alikamatwa, akatoka, akaja Buhare na baba yake mzazi aliyesafiri kutoka kwao. Walipiga magoti wote wawili uani kwangu. Nikamwambia, kuogopa hukukosea, mtoto akiugua kila mtu anaogopa. Ulikosea kuja na mnyororo kabla ya swali. Akaniuliza afanye nini. Nikamwambia Jumamosi asifagie. Afagie Jumapili. Mpaka leo anafanya hivyo.

Fundi alikuja baada yao. Nilikuwa nimekaa uani na kitambaa kichwani nikaona bodaboda inaingia, na nyuma yake mzee amevimba mdomo, amempakata kondoo kama bibi harusi. Kondoo alikuwa amemkojolea kanzu yote. Siku nyingine ningecheka mpaka nyuzi zikatike.

Akamshusha, akamfunga kwenye nguzo ya jiko, akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Nikamwuliza kwa nini. Nilikuwa nimejiandalia majibu yake kwa miaka mingi. Nilidhani atasema aliibiwa siku ile, au alilewa, au alisukumwa.

"Wote walikuwa wanarusha," akasema. "Mimi mkononi nilikuwa na pasi."

Basi. Ndilo jibu lote. Alikuwa anapiga pasi gauni la harusi la mtu, akasikia kelele, akatoka nayo mkononi, akaona migongo ya watu, akapata upenyo, akarusha. Kisha akaiokota, akajaza mkaa upya, akamaliza gauni. Aliniambia harufu ya ngozi iliyoungua haikutoka kwenye ile pasi, au haikutoka kwenye pua yake, hajui. Ndipo akanunua ya umeme. Na kila nilipokuja na kitambaa, alikuwa anajua nimekuja kufanya nini, akaona utani ndio mlango wa kujifichia.

Akaniomba tumchinje kondoo. Yeye ni Mwislamu na mila ile si yake, lakini alikuwa ameisikia kutoka ng'ambo ya barabara Jumamosi nyingi, neno kwa neno, kuliko hata wajukuu zangu. Nyasi za tumboni, mikono, yote alikuwa anayajua. Alikuwa amejikunjia hata mikono ya kanzu.

Nikamwuliza walikuwa wangapi. Akasema wengi. Nikamwambia walete.

"Wengi wamekufa. Na waliobaki wengine ni watu wakubwa sasa, hawatakuja."

"Basi kondoo atangoja."

Nilimwona anataka kulia, na mimi sina mchezo huo. Nikamwambia ukweli wangu, kwamba mdogo wangu hakuuawa na pasi. Angeuawa na pasi ningepokea kondoo leo na tungekuwa ndugu. Aliuawa na pasi na tofali na rungu na viatu, na mtu mmoja hawezi kupakwa nyasi kwa mikono ya watu wote. Nilikuwa nimemtafuta mmoja miaka yote nikidhani mmoja ananitosha. Nimempata, nikakuta hanitoshi. Hilo nalo ni pigo, na sina wa kulirudishia.

Lakini sikumfukuza. Nilimpa chai. Aliinywa kwa upande mmoja wa mdomo.

Sasa ni hivi. Matembezi yanaendelea. Watu wa kwanza baada ya ile siku walikuwa walewale kina mama wa Bunda, walirudi, na waliokuja safari hii walikuwa wengi kuliko mwanzo. Tukifika kituo cha mwisho mimi sisimulii tena. Fundi anazima mashine, anavuka, anasimama juu ya zege, anasimulia yeye. Mimi nasimama pembeni nimeegemea fimbo. Vijana wa bodaboda wanageuza vichwa kule, lakini nimewaona wanapunguza mlio wa pikipiki.

Anasimulia vizuri, ana mdomo. Ila akifika pale pagumu huwa anateleza. Jumamosi iliyopita aliwaambia wageni kwamba watu walikuwa wanarusha vitu, naye akarusha pasi, akataka kupita.

"Ilikuwa ya moto," nikamwambia. "Sema."

Akawageukia wageni.

"Ilikuwa ya moto," akasema. "Na ilimpata."

Kisha akachuma jani lake, akainama kwa lile goti bovu, akaliweka chini kwa mkono, hakulidondosha. Wageni wakamfuata. Kondoo bado yuko Buhare, nimemfunga nyuma ya vyumba vya wapangaji, anakula, ananenepa. Wapangaji wananiuliza, mzee, huyu ni wa sikukuu gani? Nawaambia waulizeni baba zenu.